Aombeaye Wengine na Aanze na Nafsi Yake

Katika sura ya mwisho ya Waraka wake, Yakobo anawaagiza waumini mambo mawili katika aya moja: waungamiane dhambi zao, na waombeane wapate kuponywa. Hakuyaweka katika sura mbili, wala hakuwapa watu wa aina mbili. Anayeungama ndiye anayeombea, na anayeombea ndiye anayeungama.

Lakini Wakristo wengi wameyatenganisha. Toba wameiachia siku ile waliyookoka, au saa ile ya kuungama mbele ya padre kabla ya Pasaka; maombezi nayo wameyafanya kazi ya kila juma. Matokeo yake huonekana katika mikutano mingi ya sala, iwe ya kambini au ya mtaani. Orodha ya wanaoombewa huwa ndefu: kamanda mgumu, jirani mlevi, shemeji aliyeacha kanisa, wakubwa wa nchi, maadui wa nchi. Kila mmoja hutajwa, na kila mmoja hutajwa pamoja na kasoro yake. Aliyepiga magoti peke yake ndiye asiyetajwa. Sala ya namna hiyo inakaribia kuwa mashtaka. Tofauti yake na umbeya ni kwamba imesemwa macho yakiwa yamefumbwa.

Biblia haiwasahau watu wa silaha katika jambo hili. Luka anaeleza kwamba Yohana Mbatizaji alipokuwa akihubiri toba kando ya mto Yordani, walimjia watu wa namna tatu wakiuliza wafanye nini: makutano ya raia, watoza ushuru, na askari. Askari hawakuambiwa watupe mikuki yao. Walipewa maagizo matatu yaliyo wazi kama amri za gwaride: wasimnyang'anye mtu mali kwa nguvu, wasimsingizie mtu mashtaka ya uongo, na waridhike na mshahara wao. Yafaa kuangalia kwamba yote matatu yanahusu mkono, mdomo na mfuko. Hakuna hata moja linalohusu machozi. Askari wa zamu katika kizuizi cha barabarani, polisi anayeandika maelezo ya mtuhumiwa, mtunza ghala anayehesabu mablanketi ya kikosi, kila mmoja wao anaweza kujipima kwa maagizo hayo kabla chai yake ya asubuhi haijapoa.

Baada ya sura chache Luka huyo huyo anamleta askari mwingine, akida wa Kapernaumu, ambaye mtumwa wake alikuwa mgonjwa karibu na kufa. Huyu ndiye mfano bora wa mwombezi aliyevaa sare. Wazee wa Kiyahudi walimsifu mbele ya Yesu, wakasema kwamba ni mtu anayestahili kusaidiwa, kwa sababu alilipenda taifa lao na kuwajengea sinagogi. Yeye mwenyewe alituma rafiki kusema kinyume cha sifa hizo, kwamba nyumba yake haistahili kupokea mgeni wa namna hiyo. Mtu aliyezoea kuamuru na kutiiwa hakuleta cheo chake alipomwombea mtumwa. Alijishusha kwanza, ndipo akaomba. Na mtumwa akapona.

Katika Afrika Mashariki fundisho hilo halikubaki kitabuni. Mwezi Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa ametoka Gahini, kituo cha misheni kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, ambako njaa kubwa ilikuwa imeua watu wengi mbele ya macho yake. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi, na kila mmoja alikuwa amejiona kwamba amepungukiwa. Walikaa siku mbili pamoja na Biblia, wakisoma na kuomba. Katika zama zile za ukoloni, Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja kama watu walio sawa, kila mmoja akikiri umaskini wake mbele ya mwenzake, halikuwa jambo dogo. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini, Yosiya Kinuka, alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi. Mambo ya hospitali yalikuwa yameharibika. Watu hawakupatana na kazi ilikuwa imezorota. Alipoulizwa sababu, Kinuka alieleza makosa ya wengine. Nsibambi hakumsaidia kuyahesabu. Alimwambia kwamba shida ya Gahini ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka. Ni jawabu kali kwa mgeni aliyetoka mbali, na mtu mwingine angaliondoka kwa hasira asirudi tena. Lakini njiani kurudi Rwanda, Kinuka aliyakubali maneno yale, akatubu. Watu wa hospitali walimwona amekuwa mtu mwingine kabla hajawahubiria lolote. Baadaye akawa mchungaji, tena mmoja wa viongozi wa ule Uamsho uliotoka Gahini na kuenea.

Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa mwalimu hapo hapo Gahini. Mwishoni mwa mwaka 1933 palikuwa na mkutano wa sala kituoni, na watu wakaanza kuungama dhambi zao mbele ya wenzao, mmoja baada ya mwingine. Nchini Rwanda waliitwa Abaka, yaani wanaowaka. Uganda wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Kigozi alifariki kwa homa mwezi Januari 1936, angali kijana, lakini wito wake kwa kanisa, kwamba liamke usingizini, ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka. Kigezi, Ankole, Buganda, Burundi, Tanganyika na Kenya zikaupokea kwa zamu.

Kilichowashangaza majirani zaidi ya nyimbo na mikesha ni vitu. Mali iliyoibwa ilirudi kwa wenyewe. Madeni yaliyosahauliwa yalilipwa. Watu waliokuwa hawasalimiani kwa miaka walionekana wakishikana mikono njiani. Mwanakijiji asiyejua lolote juu ya mafundisho ya wokovu alielewa mara moja maana ya toba alipomwona jirani yake yuko mlangoni, ameshika kamba, na mbuzi nyuma yake.

Hapa ndipo mtu wa leo hukwama, naye askari hukwama zaidi ya raia. Mkulima aliyeiba mbuzi anamjua mwenye mbuzi. Lakini askari aliyepokea fedha kizuizini miaka kumi iliyopita, usiku, kutoka kwa abiria wa basi ambao hata sura zao hakuziona vema, atamrudishia nani? Wengi huona kwamba kwa kuwa mwenye haki yake hajulikani, basi jambo limekwisha. Na wale ambao jambo halijawaishia moyoni hukaa nalo kimya kwa miaka, wakiwaombea wengine kwa sauti kubwa ili wasiisikie yao.

Torati ilikwisha kulifikiria tatizo hili. Katika sura ya 5 ya kitabu cha Hesabu, mkosaji anaamriwa aungame, arudishe alichokitwaa kwa ukamilifu, na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kisha huongezwa neno ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: ikiwa aliyekosewa hayupo, wala hana jamaa wa karibu wa kupokea, malipo hayo ni ya Bwana. Maana yake, kutokuwepo kwa mwenye mali hakumpi mkosaji mali hiyo. Zakayo wa Yeriko, aliyekuwa mtoza ushuru na kwa hiyo hakuweza kuwakumbuka wote aliowapunja, alifanya njia zote mbili kwa pamoja. Nusu ya mali yake aliwapa maskini, na kila aliyemjua kwamba amemdhulumu akaahidi kumrudishia mara nne. Injili haisemi kama alilia.

Ni lazima pia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Msamaha wa Mungu haufuti sheria ya nchi wala kanuni za jeshi. Aliyechukua mafuta ya gari la kikosi hawezi kutoa thamani yake katika kikapu cha sadaka na kusema ametengeneza. Mali ya kikosi hurudi kikosini, hata kama kurudi huko kutamletea adhabu. Aliyemshuhudia mtu uongo, na mtu huyo yumo gerezani, hawezi kutosheka kwa kumwombea mfungwa faraja huku akiuacha ushahidi wake ulivyo. Kwa mambo mazito ya namna hii ni hekima kumwendea kwanza mchungaji wa kambi, au mzee mwaminifu anayejua kutunza siri, ili njia ya kurudisha ipangwe bila kuwaumiza wasiohusika. Ni kweli kwamba hatua hiyo ni ngumu, na wengi huishia hapo. Lakini hakuna sala inayoweza kutembea mahali pake.

Tena toba ina adabu yake. Katika mikutano ya kwanza ya Uamsho palikuwa na watu walioungama kupita kiasi, wakataja mbele ya hadhara mambo ambayo yaliwaaibisha wengine kuliko yalivyowasafisha wao. Wazee wa ushirika walijifunza kuwashauri wasemaji. Mtu huungama sehemu yake. Ya mwenziwe humwachia mwenyewe.

Mwaka 1941 jambo hili lilileta msiba katika Chuo cha Bishop Tucker huko Mukono. Wanafunzi wa Balokole, wakiwa pamoja na William Nagenda, walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kusali na kuhubiri, na katika kuhubiri walikemea dhambi walizoziona chuoni, za wanafunzi wenzao na za walimu. Wakuu waliwakataza. Wao wakaona kwamba kutii ni kumnyamazisha Roho. Wanafunzi 26 walifukuzwa. Wafuasi wa Uamsho huwakumbuka kama mashujaa, na kwa sehemu kubwa ni haki yao, kwa maana walipoteza kazi ya ukasisi waliyoitamani kwa ajili ya kile walichokiamini. Hata hivyo msomaji mtulivu hawezi kukosa kuona jinsi ilivyo rahisi kuteleza kutoka katika kujikemea na kuingia katika kukemea. Nsibambi alimwambia Kinuka habari za dhambi ya Kinuka baada ya Kinuka kuja kumwuliza. Kwenda kumwamsha mtu saa kumi alfajiri ili umwambie dhambi zake ni jambo jingine.

Mwaka huo huo, huko Kigezi, mwalimu kijana aitwaye Festo Kivengere aliyekuwa akiwapinga Balokole kwa ukali alishindwa na dhamiri yake, akatubu. Alikuwa na chuki ya siku nyingi juu ya Mwingereza mmoja aliyekuwa Kabale. Kabla ya toba yake chuki hiyo aliiona kuwa ni haki. Ilikuwa zama za kutawaliwa, na sababu za kuwachukia watawala hazikuwa haba. Baada ya kutubu aliona kwamba hawezi kuibeba pamoja na Kristo. Akapanda baiskeli, akaenda maili 50, yaani kilometa 80, katika nchi ile ya milima ambayo kila aliyepata kuipanda kwa baiskeli anaifahamu. Alipofika hakumsomea Mwingereza orodha ya makosa ya Waingereza. Alimwambia kwamba alikuwa akimchukia, na kwamba sasa amekuja kuomba radhi na kumwita ndugu.

Ni baada ya safari kama hiyo ndipo maombezi huanza kuwa na uzito. Nehemia, mtumishi wa nyumba ya mfalme wa Uajemi, aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia, akafunga na kuomba. Na katika sala yake hakusema kwamba wazee wa zamani walikosa. Alijitia mwenyewe na jamaa ya baba yake katika hesabu ya wakosaji, ingawa mji ulibomolewa kabla hajazaliwa. Danieli, ambaye Maandiko hayasimulii kosa lake hata moja, aliomba vivyo hivyo, akijihesabu kati ya waliotenda dhambi. Musa alipowaombea Waisraeli baada ya kuabudu ndama, alikuwa tayari jina lake lifutwe pamoja nao. Mwombezi wa kweli husimama upande wa mshtakiwa, katika kizimba kile kile.

Nyumbani somo hili ni fupi, lakini ndiko lilikomzito kuliko kote. Mtume Petro anawaonya waume waishi na wake zao kwa heshima, sala zao zisije zikazuiliwa. Kwa hiyo mzee wa nyumba aliyerudi kutoka lindo akamfokea mkewe kwa sababu ya chakula kilichochelewa, kisha saa tatu usiku akawaita watoto kwenye sala ya jioni, ana kazi ya kufanya kabla hajafumba macho. Maneno mawili ya kuomba radhi mbele ya watoto hayampunguzii ubaba. Mama naye aliyemwita mtoto mpumbavu mchana ana kazi yake. Tangu mwaka 2007, Uganda na Burundi zilipoanza kupeleka askari Somalia, nyumba nyingi zimejifunza kuombea mtu aliye mbali kwa miezi mingi. Wapo wake ambao katika miezi hiyo wamegundua kwamba hawawezi kuomba mume arudi salama huku wakiwa wamefunga moyoni ugomvi waliouacha siku ya kuagana. Barua au simu ya kutengeneza ugomvi huo ni sehemu ya sala yenyewe.

Mfano mkubwa kabisa wa maombezi yaliyotoka katika toba ulionekana Uganda katika miaka ya 1970. Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule alipotubu katika Uamsho mwezi Januari 1948. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Ulikuwa utawala wa Idi Amin, na watu walikuwa wakikamatwa na kupotea. Luwum aliwaombea kanisani kama ilivyopasa askofu. Lakini hakukomea hapo. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe katika ofisi za ile idara ya upelelezi iliyoogopwa na wote, akiulizia habari za waliokamatwa na kuomba waachiliwe. Wapo waliomlaumu kwamba anajongea karibu mno na wakubwa wa serikali. Lakini mfungwa hatolewi na mtu asiyekubali kubisha mlango wa jela.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakitafuta silaha, wasizipate. Maaskofu wakamwandikia Rais barua ya kueleza mateso ya watu. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Charles Oboth Ofumbi na Erinayo Oryema; huyu wa pili alipata kuwa Mkuu wa Polisi wa nchi. Serikali ya wakati huo ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Walikuwa wameuawa. Luwum akazikwa kwao Mucwini, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku kuu ya taifa nchini Uganda.

Kivengere, aliyekuwa sasa Askofu wa Kigezi tangu mwaka 1972, alijua kwamba zamu yake inakuja. Alikuwa amekwisha kuyaona mengi. Mwezi Februari 1973, katika uwanja wa Kabale, watu watatu walipigwa risasi mbele ya maelfu ya watu walioamriwa kutazama, naye aliomba ruhusa ya kusema nao kabla hawajafa. Alisimulia baadaye kwamba alipowakaribia hakujua atawaambia nini; lakini mmoja wao alimtangulia, akamshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba siku aliyokamatwa alimwomba Kristo msamaha akaupata, na kwamba mkewe aambiwe hivyo. Askofu alikwenda kuwaombea waliohukumiwa, akakuta wamekwisha kutubu kabla hajafika.

Baada ya kifo cha Luwum, Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Alikuwa salama. Alikuwa pia na uchungu, na uchungu huo ulikua. Mhubiri wa toba kwa miaka zaidi ya 30, mtu wa baiskeli ya Kabale, alijikuta hawezi kulitaja jina la Amin bila moyo wake kuwa mgumu, na akaona kwamba mahubiri yake yanakauka. Ilikuwa Ijumaa Kuu ya mwaka huo 1977, kanisani London, alipokuwa akisikiliza habari ya Yesu kuwaombea askari waliomsulubisha. Kama alivyosimulia mwenyewe, lilimjia swali: je, kama Amin ndiye angalikuwa askari aliyeshika nyundo siku ile, Bwana angalimwondoa yeye peke yake katika sala ile? Alijua jawabu. Akaomba yeye asamehewe kwanza kwa chuki yake, kisha akaomba kwa ajili ya Amin. Mwaka huo huo ukatoka kitabu chake chenye jina lililowakasirisha wakimbizi wengi: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin.

Hasira ya wakimbizi hao si ya kudharauliwa. Mtu aliyezika mtoto wake hapaswi kuharakishwa na mtu mwingine kusamehe, na Kivengere hakusema kwamba yaliyotendwa ni madogo. Hakusema pia kwamba muuaji asihukumiwe. Alichosema ni habari za moyo wake mwenyewe, kwamba hakuweza kuendelea kuishi akiwa ameulisha sumu. Aliweza kurudi Uganda baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, akaitumikia dayosisi yake hadi alipofariki mwaka 1988. Amin alifia Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Iko habari moja iliyo nzito zaidi, ambayo watoto wa Uamsho hawawezi kuikwepa. Nchi ile ile ambamo Abaka walianza kuwaka ndiyo iliyopatwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kwa muda wa miezi mitatu watu zaidi ya laki nane waliuawa, wengi wao Watutsi, na wengi wakauawa ndani ya makanisa waliyokimbilia. Waliobatizwa pamoja waliuana. Walikuwapo waliowaficha majirani kwa hatari ya maisha yao, na miongoni mwao wamo watu wa Uamsho. Lakini makanisa, kama makanisa, hayakusimama. Ungamo la miaka ya 1930 halikutosha kwa wajukuu. Kila kizazi kilihitaji toba yake, na wengi walikuwa wamerithi nyimbo bila kurithi magoti.

Mwezi Desemba 1996 Wakristo wa Rwanda, Wahutu na Watutsi, pamoja na baadhi ya Wazungu walioifahamu nchi ile, walikutana katika mji wa Detmold, Ujerumani. Miaka miwili na nusu tu ilikuwa imepita, na baadhi yao walikuwa bado hawajui mifupa ya ndugu zao iko wapi. Kila upande ulikuwa na ushahidi wa kutosha dhidi ya mwingine kujaza vitabu. Walikaa siku kadhaa katika sala na mazungumzo, kisha wakaandika ungamo. Wahutu waliandika makosa yaliyotendwa na Wahutu, wakawaomba Watutsi msamaha. Watutsi waliandika makosa yaliyotendwa na Watutsi, wakawaomba Wahutu msamaha. Wazungu nao wakaandika ya kwao, tangu siku za wamisionari wa kwanza waliopanda mbegu ya utengano. Katika karatasi ile hakuna kundi lililoandika dhambi ya jirani yake.